Watoto wa Saudia ni Wakenya Tayari

Tangu mwishoni mwa mwaka 2023, serikali ya Kenya ilipotuma maofisa wake Saudi Arabia kuchukua sampuli za DNA za watoto waliozaliwa huko na akina mama Wakenya, mjadala kuhusu watoto hawa umekuwa ukiwaka na kufifia, kisha unawaka tena kila habari mpya inapotoka. Nimefuatilia hoja za pande zote, za wenye huruma na za wenye hasira, na nimeona kwamba karibu wote wanaanzia mahali pamoja: wanauliza kama Kenya iwape uraia watoto hawa au isiwape. Mwenye huruma anasema wapewe kwa sababu hawana kosa. Mwenye hasira anasema wasipewe mpaka mama zao wajieleze. Wote wawili wamekosea njia tangu hatua ya kwanza.

Mtoto aliyezaliwa na mama Mkenya huko Riyadh, Jeddah au Dammam ni Mkenya tangu alipovuta pumzi ya kwanza. Hakuna waziri wa kumpa uraia huo wala balozi wa kumnyima, maana Katiba ilishamaliza kazi hiyo. Anachokosa ni karatasi ya kuthibitisha kile alicho nacho, na karatasi hiyo iko mikononi mwa serikali yake mwenyewe. Mtu anaweza kudhani kwamba huu ni ubishi wa mawakili, lakini kila kitu katika suala hili kinategemea tofauti hiyo. Uraia ukichukuliwa kuwa zawadi, mwenye zawadi ana haki ya kuweka masharti, kuchelewa, na kuchunguza tabia za anayeomba. Ukichukuliwa kuwa haki ambayo mtoto amezaliwa nayo, kila mwezi wa kucheleweshwa ni mwezi wa kunyimwa haki, na anayepaswa kujieleza ni ofisi, wala si mama aliyesimama langoni na mtoto mgongoni.

Tuanze na Katiba yenyewe, ile iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Kifungu cha 14(1) kinasema kwamba mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama yake au baba yake alikuwa raia, awe amezaliwa ndani ya Kenya au nje. Kifungu cha 14(2) kinarudi nyuma na kuwachukua hata waliozaliwa kabla ya Katiba hiyo kuanza kutumika. Ni kweli kwamba Kifungu cha 14(3) kiliachia Bunge nafasi ya kuweka mipaka kwa vizazi vinavyozaliwa ughaibuni, na Bunge liliitumia nafasi hiyo katika Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011: aliyezaliwa nje ni raia wa kuzaliwa endapo mzazi wake mmoja ni raia wa kuzaliwa. Huo ndio mpaka wote. Wanawake tunaowazungumzia, waliotoka Kilifi, Kwale, Kakamega, Nakuru au Kisii wakaenda kufanya kazi za nyumbani Uarabuni, ni raia wa kuzaliwa. Sheria haiulizi kama mama ana mume. Haiulizi baba ni nani wala wa taifa gani. Haiulizi mama aliingia nchi ile kwa viza ya aina gani au kama iqama yake, yaani kibali cha kukaa, bado inatumika.

Vijana wengi hawajui kwamba haki hii ya mama ni changa. Katiba ya zamani, katika Kifungu cha 90, ilisema aliyezaliwa nje ya Kenya baada ya tarehe 11 Desemba 1963 ni raia ikiwa baba yake ni raia. Mama hakutajwa kabisa. Kwa zaidi ya miaka arobaini mwanamke Mkenya aliyejifungua London au Muscat hakuweza kumpitishia mwanawe uraia kwa damu yake, hata kama ndiye aliyemlea peke yake, na mtoto huyo aliporudi naye nyumbani aliingia kama mgeni. Botswana ilikuwa na sheria ya namna hiyo mpaka Unity Dow, wakili aliyeolewa na Mmarekani, alipoishtaki serikali yake kwa sababu wanawe wawili wa ndani ya ndoa walizaliwa Botswana na bado hawakuhesabiwa kuwa Wabotswana. Mwaka 1992 Mahakama ya Rufani ya nchi hiyo ilikubaliana naye, na kesi ile ikawapa nguvu wanawake wa bara zima. Kenya ilisubiri miaka mingine kumi na minane. Kwa hiyo ninapoona haki iliyopiganiwa kiasi hicho ikitenguliwa na orodha ya mahitaji iliyobandikwa kwenye kaunta, siwezi kuliita jambo hilo dogo.

Majirani zetu wana sheria zao. Tanzania, kwa sheria yake ya mwaka 1995, inamruhusu baba au mama kumpitishia uraia mtoto aliyezaliwa nje, ila haki hiyo inakoma kizazi kinachofuata kikizaliwa nje nacho, na aliye na uraia wa nchi mbili hulazimika kuchagua mmoja akishafikia utu uzima. Uganda inafika hata kwa babu na bibi. Burundi bado inamtanguliza baba, na mama hupitisha uraia pale tu baba asipojulikana au anapomkana mtoto. Kwa maandishi, Kenya ni kati ya nchi zenye ukarimu mkubwa zaidi kwa watoto wa ughaibuni, na kwa sababu Kifungu cha 16 kinamruhusu raia wa kuzaliwa kuwa na uraia mwingine, hata mtoto mwenye baba wa taifa jingine hapotezi chochote.

Sasa tuvuke bahari. Saudi Arabia humpa mtoto uraia kupitia baba, na kuzaliwa katika ardhi yake hakumpi mtoto wa mgeni haki hiyo. Uhusiano wa kimwili nje ya ndoa ni kosa la jinai. Hospitali humwuliza mjamzito hati ya ndoa, na asiye nayo anajua kwamba swali linalofuata huenda likaulizwa na polisi. Juu ya hayo kuna mfumo wa kafala, unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja. Akikimbia kwa sababu ya kipigo, mshahara kuzuiwa, au mwanamume wa nyumba ile kumwingilia kwa nguvu, mwajiri humripoti kuwa ametoroka, na kuanzia hapo hana kibali cha kukaa wala njia rahisi ya kutoka. Pasipoti yake mara nyingi imebaki kwenye kabati la bosi. Wanawake hawa, wanaojiita kemboi, huishi kwa vibarua wakipanga vyumba kwa pamoja katika mitaa kama Manfuha, kusini mwa Riyadh, ambako wahamiaji wengi wa Kiafrika wamekusanyika. Huko ndiko mimba zinakotungwa, wengine wakiwa wamefunga ndoa ya kidini isiyotambuliwa na serikali yoyote, wengine wakiwa na wapenzi, wengine wakiwa wamebakwa. Na huko ndiko watoto wanakozaliwa, sakafuni, mwenzake aliyewahi kuzaa akisaidia.

Mtoto aliyezaliwa hivyo hana taarifa ya hospitali. Bila taarifa ya hospitali hapati cheti cha kuzaliwa cha Saudia. Ubalozi, kwa kawaida, husajili vizazi vya Wakenya wa nje kwa kutumia cheti cha nchi alikozaliwa mtoto. Hapo mzunguko unafunga: Saudia haitamruhusu mtoto kutoka bila hati ya kusafiria, Kenya haitatoa hati ya kusafiria bila uthibitisho wa kuzaliwa, na Saudia haitatoa uthibitisho wa kuzaliwa kwa mama asiye na hati ya ndoa. Mama peke yake angeweza kurejeshwa. Zimeripotiwa habari za wanawake waliokaa kando ya kituo cha mafuta huko Riyadh na watoto wao wachanga, wakitumaini kwamba polisi watawakamata na kuwarudisha makwao. Mtu hufika mahali pa kutamani kukamatwa pale tu milango mingine yote imefungwa.

Mama mmoja mzee wa Kisauni, Mombasa, ambaye binti yake yuko Jeddah, alinionyesha kwenye simu ushahidi wote alio nao juu ya mjukuu wake. Kulikuwa na picha ya mtoto akiwa na siku chache, amefungwa leso iliyotoka Mombasa. Kulikuwa na picha ya kipande cha boksi la maziwa ya unga kilichoandikwa kwa kalamu tarehe, saa ya kuzaliwa na jina. Na kulikuwa na ujumbe wa sauti wa mwanamke aliyemzalisha, akieleza kwamba kitovu kimekauka vizuri. Ofisi aliyokwenda kuuliza ilimwambia alete cheti cha hospitali. Nilipomwuliza kama alieleza kwamba hospitali haikuwepo, aliniambia alieleza, na aliambiwa tena alete cheti cha hospitali.

Hoja ya kwanza ya wanaotetea ugumu huu ni ya maadili, na ndiyo dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa zaidi. Wanasema wanawake hawa walijua sheria za nchi waliyokwenda, wakazivunja, na kuwapa watoto wao karatasi ni kubariki zinaa na kuwatia moyo wengine. Tuiache kwanza idadi ya waliobakwa, maana hoja hii haisimami hata kwa wale waliopenda kwa hiari. Wazee wetu walisema kitanda hakizai haramu, na Katiba imesema jambo hilohilo kwa lugha yake: Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya jina na utaifa tangu kuzaliwa, na kinawataka wazazi wamlee kwa usawa wawe wameoana au hawajaoana. Mwaka 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu alikataa kipengele cha Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo kilichomweka kando mtoto wa nje ya ndoa katika suala la jina la baba kwenye cheti, akaona kwamba ni ubaguzi. Ikiwa ndani ya Kenya hatumwulizi mama wa Githurai au wa Likoni cheti cha ndoa ndipo mwanawe asajiliwe, hatuna msingi wa kumwuliza mama wa Manfuha. Sheria ya zinaa ya Saudia ni ya Saudia. Ofisa wa Kenya anayeitumia kumpimia raia wa Kenya haki zake anaisaidia nchi nyingine kutekeleza adhabu zake, tena juu ya mtoto ambaye hata nchi hiyo haijamshtaki.

Na hilo la kutiana moyo halina ukweli wowote. Hakuna mwanamke anayebeba mimba Riyadh, bila kibali, bila kliniki, akiwa na hofu ya jela, kwa sababu amesikia kwamba mtoto atapata cheti cha kuzaliwa cha Kenya. Cheti hicho angekipata kwa urahisi zaidi akizaa kwao.

Hoja ya pili ni nzito na inastahili kujibiwa kwa heshima. Serikali inasema kwamba bila DNA, mtu yeyote anaweza kufika ubalozini na mtoto wa mwingine na kumtoa nje ya nchi kama mwanawe. Biashara ya watoto ipo. Nairobi penyewe tumeshuhudia kashfa za watoto wachanga kuibwa na kuuzwa. Mama asiye na karatasi, mtoto asiye na karatasi, mashahidi wasio na karatasi: ofisa mwaminifu kabisa angeweza kusita. Ningekuwa mimi kwenye kiti hicho, ningependa niwe na kitu cha kushika kabla sijatia sahihi hati itakayompitisha mtoto kwenye mpaka wa kimataifa. DNA ni njia nzuri ya kuthibitisha kwamba mwanamke huyu ndiye aliyemzaa mtoto huyu, na kwa baadhi ya akina mama ndiyo njia pekee iliyobaki. Siipingi.

Ninachopinga ni namna chombo cha kusaidia uthibitisho kilivyogeuzwa kuwa lango. Tuangalie Kifungu cha 14(4). Kinasema mtoto anayeokotwa Kenya, anayeonekana kuwa chini ya miaka minane, ambaye wazazi wake na utaifa wake havijulikani, anachukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Walioandika Katiba walijua kwamba dhana hiyo itakosea mara mojamoja, kwamba mtoto fulani aliyeokotwa sokoni huenda alivushwa mpakani na mtu asiye Mkenya. Waliamua kwamba ni afadhali nchi ikosee kwa kumkubali mtoto kuliko ikosee kwa kumwacha bila nchi. Sasa tulinganishe. Mtoto asiyejulikana mama wala baba, aliyeachwa kando ya barabara Gikomba, tunamwamini. Mtoto aliye kifuani mwa mwanamke anayesema kwa Kiswahili kwamba ni wake, anayemnyonyesha mbele ya ofisa, ambaye bibi yake na shangazi zake wako tayari kuapa mbele ya chifu, huyo tunamtilia shaka kwa mwaka na zaidi. Najua Kifungu cha 14(4) kinahusu wanaookotwa ndani ya nchi, na wakili mkali atanikumbusha hilo. Lakini mwelekeo wake uko wazi: panapokuwa na shaka, shaka imfaidi mtoto.

Tena shaka yenyewe si kubwa kama inavyofanywa ionekane. Uthibitisho una sehemu mbili: kwamba mama ni Mkenya, na kwamba mtoto ni wake. Sehemu ya kwanza serikali imekaa nayo Nairobi. Kila Mkenya aliyechukua kitambulisho alipakwa wino vidole vyote au kuviweka kwenye mashine, na alama hizo ziko kwenye masjala ya taifa. Mwanamke huyu pia alitolewa pasipoti, akapita kwa wakala wa ajira, akasaini mkataba, akapita uwanja wa ndege. Bosi anaweza kuficha kijitabu, hawezi kuficha vidole vya mtu. Inabaki sehemu ya pili, ambayo DNA ya mama na mtoto huimaliza: usufi mashavuni mwa wawili hao, na kazi ya maabara isiyohitaji miezi. Kinachochukua miezi ni kusubiri timu ije kutoka Nairobi, kusubiri orodha, kusubiri matokeo yasafiri kutoka meza moja hadi nyingine, na mama kutojulishwa yuko wapi kwenye foleni.

Kifungu cha 12 kinasema kila raia ana haki ya kupata pasipoti na hati nyingine za utambulisho zinazotolewa na Serikali kwa raia, na kwamba hati hizo zinaweza kuzuiwa tu kwa mujibu wa sheria ya Bunge inayotimiza vigezo vya Kifungu cha 24. Kigezo kimojawapo ni kuangalia kama kuna njia nyingine isiyoumiza sana ya kufikia lengo lilelile. Lengo ni kuzuia biashara ya watoto. Njia nyepesi zipo. Mama atoe kiapo. Jamaa zake nyumbani waape mbele ya hakimu au kamishna wa viapo. Aliyemzalisha atoe maelezo. Alama za vidole zilinganishwe. DNA ichukuliwe siku hiyohiyo ubalozini bila malipo. Na mtoto apewe hati ya dharura ya kusafiri pamoja na mama yake, uchunguzi ukiendelea wakiwa wamefika. Matokeo yakionyesha udanganyifu, mwanamke huyo atakuwa Kenya, mbele ya polisi wa Kenya na maofisa wa watoto wa Kenya, mahali ambapo mtoto anaweza kulindwa. Kumwacha mtoto anayeshukiwa kuwa ameibwa akae mwaka mzima na mtu anayeshukiwa kuwa mwizi, katika chumba cha kupanga Manfuha, hakumlindi yeyote. Wanaotetea utaratibu wa sasa kwa jina la kupambana na biashara ya watoto hawajalijibu hili.

Hoja ya tatu ni kwamba mikono ya Kenya imefungwa, kwa sababu Saudia ndiyo inayotoa kibali cha kutoka. Ni kweli kwamba Nairobi haiwezi kuamuru idara ya pasipoti ya Riyadh. Lakini hoja hii inaruka hatua. Hakuna nchi inayoweza kumpa kibali cha kutoka mtoto ambaye hakuna taifa lililosema ni wake, na tamko hilo linatoka Kenya. Likishatolewa, mazungumzo ya faini za kukaa bila kibali, ya kusamehewa, ya kupitia kituo cha kurejesha wahamiaji, yanakuwa mazungumzo ya serikali mbili kuhusu raia anayejulikana. Kabla ya hapo ni mwanamke mmoja anayezungumza na lango.

Wenzangu wa Pwani wanaijua hali hii bila kufika Saudia. Wamakonde waliishi Kwale kwa miongo mingi, wakazaa, wakazika, wakalipa kodi, bila kitambulisho, mpaka Oktoba 2016 walipotembea kwa miguu kuelekea Nairobi kudai kutambuliwa. Washona walitambuliwa mwishoni mwa 2020. Wapemba wa Kilifi na Kwale walifuata mwaka 2023. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza mwisho wa kamati za kuwahoji kwa namna ya pekee watu wa Kaskazini Mashariki wanaoomba vitambulisho. Visa hivi si sawa na vya watoto wa Saudia. Baadhi ya watu hao walihitaji kusajiliwa upya kuwa raia, ilhali watoto hawa ni raia tayari. Ndiyo maana navitaja. Serikali iliyoweza kufungua mlango kwa jamii nzima zilizokuwa nje ya sheria haiwezi kusema imeshindwa na watoto walio ndani ya sheria. Katika kila kisa kati ya hivyo, kilichokosekana kwa miaka yote ni mtu mwenye mamlaka kuamua kwamba sasa inatosha.

Gharama ya kuchelewa haiishii uwanja wa ndege. Mtoto akifanikiwa kufika nyumbani bila cheti cha kuzaliwa, shule itamdai cheti hicho ili imwandikishe kwenye mfumo wa wanafunzi. Mfumo mpya wa Maisha Namba unampa raia nambari moja tangu kuzaliwa hadi kufa, nao unaanzia kwenye usajili wa kuzaliwa. Aliyekosa hatua hiyo ya kwanza anakosa zote zinazofuata: mtihani wa taifa, bima ya afya, laini ya simu, na kitambulisho akitimiza miaka 18, atakapoambiwa athibitishe kwamba mama yake alimzaa mahali ambapo hakuna aliyeandika. Wakati huo mama huenda hayupo tena wa kutoa sampuli.

Na watoto hawa wataendelea kuzaliwa. Serikali yenyewe imekuwa ikitaja Wakenya zaidi ya 200,000 walioko Saudia, na nchi hiyo imekuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya fedha zinazotumwa nyumbani, ambazo mwaka 2024 zilikaribia dola bilioni 5 kutoka duniani kote. Septemba 2024 Kenya ilitia sahihi makubaliano ya uhamaji wa wafanyakazi na Ujerumani, na viongozi wetu wanayazungumzia mengine kila wanaposafiri. Kupeleka watu ughaibuni sasa ni sera ya taifa. Wengi wanaopelekwa Ghuba ni wanawake walio katika umri wa kuzaa, kwa mikataba ya miaka miwili inayoongezwa tena na tena. Mikataba hiyo inataja mshahara, tiketi, siku ya mapumziko na gharama za kusafirisha maiti. Nchi inayokumbuka kuandika nani atalipia jeneza inaweza pia kuandika nini kitafanyika mfanyakazi akijifungua: kwamba hospitali itatoa taarifa ya kuzaliwa bila kudai hati ya ndoa kwa ajili ya usajili wa ubalozi, kwamba ubalozi utamsajili mtoto ndani ya siku zilizotajwa, na kwamba mama hatakamatwa akiwa njiani kwenda kumsajili mwanawe. Riyadh inaweza kukataa sehemu ya kwanza na ya tatu. Ya pili haihitaji ruhusa ya mtu yeyote nje ya Nairobi.

Wakati tukisubiri hayo, familia zina njia ambayo haijatumiwa vya kutosha. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya uamuzi wa kiutawala ulio wa haraka, halali na wa busara, na haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi unapomwumiza. Sheria ya Haki katika Maamuzi ya Kiutawala ya mwaka 2015 imeeleza namna ya kudai sababu hizo. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu kwenda Mahakama Kuu kwa niaba ya mwingine asiyeweza kwenda mwenyewe, na kinataka taratibu zirahisishwe na ada ya kufungua kesi ya aina hii isitozwe. Bibi aliye Kisauni anaweza kuwa mlalamishi kwa ajili ya mjukuu aliye Jeddah. Aanze na barua ya ukurasa mmoja kwa idara husika, yenye jina la mama, nambari ya kitambulisho chake, jina la mtoto na tarehe aliyozaliwa, ikiuliza ombi limefikia wapi na kwa nini halijakamilika, kisha ahifadhi nakala iliyogongwa muhuri wa kupokewa. Barua kama hizo zikifika mahakamani kwa pamoja, jaji ataweza kuliuliza swali ambalo mjadala wetu umelikwepa: ni sheria gani ya Bunge inayomruhusu ofisa kumzuilia raia mtoto hati zake mpaka foleni ya maabara isonge?